Kuhifadhi, Kufuta na Kurejesha: Safari ya Picha Binafsi katika Hifadhi ya Wingu

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna picha binafsi zinavyohifadhiwa, zinavyofutwa na zinavyorejeshwa katika hifadhi ya wingu, yaani huduma zinazotunza mafaili ya watumiaji katika seva za mbali na kuwafikishia kwa njia ya intaneti. Mfano mkuu ni Google Photos. iCloud ya Apple na mifumo ya kuhifadhia picha ya Facebook imetumika kwa ajili ya ulinganishi. Hoja kuu ni kwamba wingi wa nakala unaoilinda picha dhidi ya kuharibika kwa mitambo hauilindi dhidi ya amri inayotolewa kupitia akaunti, kwa kuwa amri ya kufuta husambazwa kwa uaminifu uleule unaosambaza picha yenyewe. Makala yanabainisha kwamba kitenzi kimoja, "futa", kimebeba matendo manne yanayotofautiana kwa wakati na kwa matokeo, na kwamba uwezekano wa kuirejesha picha hutegemea ni lipi kati ya matendo hayo limekwisha kutekelezwa. Mwishoni, makala yanaonesha athari za jambo hilo kwa mtumiaji wa Afrika Mashariki na kwa tafsiri ya haki ya kufutiwa taarifa.

1.0 Utangulizi

Kwa muda mrefu picha ya familia ilikuwa kitu cha kushikika. Iliwekwa katika albamu, ikatundikwa ukutani au ikafungiwa sandukuni pamoja na vyeti na hati za shamba. Iliweza kuungua, kuloa au kuliwa na mchwa, lakini mwenyewe alijua ilipo, na alipoichana alijua kwamba imechanika. Picha ya kidijiti imeondoa uhakika huo kwa pande zote mbili. Anayetaka kuitunza hawezi kupaona mahali ilipo, na anayetaka kuiangamiza hawezi kushuhudia ikiangamia. Wote wawili hutegemea maneno yanayoandikwa kwenye kioo cha simu: imehifadhiwa, imefutwa, imerejeshwa.

Ukubwa wa jambo hili unaonekana katika takwimu za huduma moja tu. Google Photos ilizinduliwa mwezi Mei 2015. Kufikia Novemba 2020 kampuni ya Google ilitangaza kwamba huduma hiyo ilikuwa inatunza picha na video zaidi ya trilioni 4, na kwamba nyingine bilioni 28 zilikuwa zikiongezwa kila wiki. Kwa kuwa simu nyingi zinazotumia mfumo wa Android huuzwa zikiwa tayari na programu hiyo, watumiaji wengi wa Afrika Mashariki wameingia katika hifadhi ya wingu bila kufanya uamuzi wa makusudi wa kuingia humo.

Madhara ya kutoelewa maneno hayo matatu ni ya aina mbili zinazopingana. Kwanza, yupo anayepoteza picha pekee ya marehemu mzazi wake kwa kudhani kwamba anapunguza mzigo wa simu, ilhali anaifuta picha hiyo kila mahali. Pili, yupo anayeamini kwamba picha ya faragha imekwisha kutoweka, ilhali bado inaweza kufunguliwa na yeyote mwenye nenosiri la akaunti yake. Makala haya yanashikilia kwamba makosa haya mawili yana asili moja, nayo ni kudhani kwamba kuhifadhi na kufuta ni matendo ya papo kwa hapo, wakati kila moja ni mchakato wenye hatua.

2.0 Ufafanuzi wa Istilahi

Istilahi mbili zinahitaji kutofautishwa mapema, kwa sababu kuchanganywa kwake ndicho chanzo cha hasara nyingi. Kuhifadhi nakala ni kuweka mfano wa pili wa faili mahali pengine, kwa namna ambayo mabadiliko ya faili la kwanza hayaugusi ule wa pili. Kusawazisha ni kuhakikisha kwamba mahali pawili au zaidi panaonesha hali ileile wakati wote: picha ikiongezwa huku, inaongezwa kule, ikifutwa huku, inafutwa kule.

Huduma nyingi za picha hufanya mchanganyiko wa mambo haya mawili, huku zikitumia lugha ya jambo la kwanza. Katika iCloud, mtumiaji akiwasha huduma ya picha, maktaba yake huwa moja katika vifaa vyote. Picha iliyofutwa kwenye simu hufutwa pia kwenye kompyuta na kwenye seva. Katika Google Photos, amri ya kufuta picha iliyokwisha kupakiwa huiondoa kwenye akaunti na kwenye vifaa vilivyounganishwa na akaunti hiyo. Ipo amri nyingine, ya kuongeza nafasi katika simu, ambayo huondoa nakala ya kwenye simu peke yake na kuiacha ile ya kwenye seva. Amri hizi mbili hukaribiana kwenye kioo, lakini matokeo yake yametengana kama mbingu na ardhi.

Istilahi nyingine itakayotumika ni daftari. Katika makala haya, daftari ni kanzidata inayoorodhesha kila picha: ni ya nani, ilipigwa lini, imewekwa katika albamu ipi, na maudhui yake yamehifadhiwa katika diski zipi. Tofauti kati ya daftari na maudhui ndiyo ufunguo wa kuelewa sehemu zinazofuata.

3.0 Namna Picha Inavyohifadhiwa

3.1 Kutoka Simu hadi Seva

Picha inapopigwa, simu huandika faili lenye sehemu mbili: maudhui ya picha yenyewe, na taarifa zinazoielezea, kama vile saa na tarehe, aina ya kamera na, endapo mtumiaji ameruhusu, majira ya nukta ya mahali ilipopigwa. Faili hilo huingia katika foleni ya kupakiwa. Linaposafiri hufungwa kwa usimbaji fiche ili lisisomwe njiani, na likifika hukokotolewa alama ya kihesabu inayotokana na maudhui yake. Alama hiyo huwezesha mfumo kugundua kama faili limeharibika njiani, na pia kama picha hiyohiyo imekwisha kupakiwa kabla.

Hatua ya foleni huonekana ndogo, lakini kwa mazingira ya Afrika Mashariki ndiyo yenye hatari kubwa ya kwanza. Kwa mpangilio wake wa kawaida, Google Photos hupakia picha simu inapokuwa kwenye mtandao wa Wi-Fi, wala haitumii kifurushi cha intaneti cha simu mpaka mtumiaji aruhusu. Mtumiaji asiye na Wi-Fi nyumbani wala kazini anaweza kukaa miezi mingi akiwa na picha zinazosubiri foleni. Simu ikiibwa au ikidumbukia majini, zinazopotea ni picha za karibuni zaidi, ambazo kwa kawaida ndizo hazijapakiwa. Kuwapo kwa programu kwenye simu si uthibitisho kwamba picha zimefika.

Si kila faili linalofika hufika likiwa zima vilevile. Mtumiaji wa Google Photos aliyechagua mpangilio wa kubana nafasi hupunguziwa picha inayozidi megapikseli 16 hadi kiwango hicho. Hadi tarehe 31 Mei 2021 picha zilizopakiwa kwa mpangilio huo hazikuhesabiwa katika mgawo wa mtumiaji. Kuanzia tarehe 1 Juni 2021 kila picha mpya huhesabiwa katika gigabaiti 15 za bure zinazotumika kwa pamoja na barua pepe na mafaili mengine. Kwa upande wa iCloud mgawo wa bure ni gigabaiti 5. Mgawo ukijaa, upakiaji husimama, na picha mpya hubaki kwenye simu peke yake.

3.2 Nakala na Vipande

Katika kituo cha data, diski huharibika kila siku. Mfumo mzima hujengwa kwa kulichukulia jambo hilo kuwa la kawaida. Maelezo ya wazi ya kanuni hii yalitolewa na Sanjay Ghemawat, Howard Gobioff na Shun-Tak Leung mwaka 2003, walipoeleza mfumo wa mafaili wa Google wa wakati ule. Katika mfumo huo faili liligawanywa katika vipande vya megabaiti 64, na kila kipande kiliwekwa, kwa kawaida, nakala tatu katika seva tofauti. Seva moja ikifa, nakala mpya hutengenezwa kutokana na zile zilizobaki bila mtumiaji kujua. Mfumo huo umekwisha kuachia nafasi mifumo mingine, lakini kanuni yake imebaki kuwa msingi wa uhifadhi wa wingu.

Nakala tatu kamili zina gharama kubwa, kwa hiyo mifumo iliyofuata ilitumia hisabati ili kupunguza gharama hiyo. Facebook ilieleza mwaka 2014 mfumo wake uitwao f4, unaohifadhi picha na video zisizotazamwa mara kwa mara. Katika mfumo huo data hugawanywa katika vipande 10, kisha hukokotolewa vipande 4 vya ziada kwa kanuni iliyobuniwa na Irving Reed na Gustave Solomon mwaka 1960. Vipande vyovyote 10 kati ya 14 vinatosha kuijenga upya data yote. Kwa kuongeza ulinzi wa kuvuka vituo vya data, Facebook iliweza kupunguza nafasi iliyohitajika kutoka mara 3.6 ya ukubwa wa data hadi mara 2.1, bila kuacha uwezo wa kustahimili kupotea kwa kituo kizima.

Umuhimu wa kuvuka vituo ulidhihirika tarehe 10 Machi 2021, moto ulipoteketeza jengo la kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Wateja waliokuwa na nakala katika jengo hilo peke yake walipoteza data zao. Waliokuwa na nakala mahali pengine waliendelea na kazi.

Ni muhimu pia kutofautisha kupotea kwa picha na kukatika kwa njia ya kuifikia. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika na kudhoofisha intaneti nchini Tanzania, Kenya na nchi nyingine za ukanda huu. Picha zilizotunzwa ng'ambo hazikuguswa na tukio hilo, lakini kwa muda huo wenyewe walikuwa kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Ulinzi wa data na upatikanaji wa data ni mambo mawili.

3.3 Daftari

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu unaeleza kikamilifu muundo wa hifadhi ya picha. Maudhui yaliyotawanywa katika vipande hayana maana bila orodha inayosema vipande vipi ni vya picha ipi na picha hiyo ni ya nani. Mwaka 2010 wahandisi wa Facebook walieleza mfumo uitwao Haystack. Wakati huo Facebook ilikuwa inatunza mafaili bilioni 260 ya picha, yenye zaidi ya petabaiti 20, kwa kuwa kila picha iliyopakiwa ilitunzwa katika vipimo vinne. Tatizo walilolitatua halikuwa ukosefu wa nafasi. Lilikuwa muda uliopotea katika kuitafuta picha ndani ya diski. Suluhisho lao lilikuwa kulifanya daftari liwe dogo kiasi cha kukaa lote katika kumbukumbu ya haraka ya seva, na kuzifunga picha nyingi katika faili moja kubwa.

Uamuzi huo wa kiufundi una matokeo ya moja kwa moja katika suala la kufuta. Picha iliyoshonwa pamoja na nyingine nyingi katika faili moja kubwa haiwezi kunyofolewa peke yake papo hapo. Kinachoweza kufanywa mara moja ni kuandika kwamba haipo tena.

4.0 Namna Picha Inavyofutwa

4.1 Matendo Manne Ndani ya Neno Moja

Tendo la kwanza ni kuficha. Mtumiaji anapobonyeza alama ya kufuta, picha huondolewa mbele ya macho yake na kupelekwa mahali panapoitwa Tupio. Katika Google Photos picha iliyokwisha kupakiwa hukaa humo siku 60, na ile ambayo haijapakiwa hukaa siku 30. Katika iCloud huwekwa katika albamu ya zilizofutwa karibuni kwa siku 30. Katika kipindi hiki hakuna kilichoharibiwa. Picha ni ileile, na mtu yeyote mwenye nenosiri la akaunti anaweza kuirudisha. Kwa mwenye majuto, hiki ni kipindi cha neema. Kwa mwenye kuhofia mtu aliye na nenosiri lake, ni kipindi cha hatari ambacho wengi hawakijui.

Tendo la pili ni kukata rejea. Muda wa Tupio ukiisha, au mtumiaji akilimwaga mwenyewe, mfumo huondoa au hutia alama mstari wa picha hiyo katika daftari. Kuanzia hapo huduma haiwezi tena kuionesha picha kwa njia ya kawaida, ingawa maudhui yake bado yanaweza kuwa katika diski. Katika mfumo wa Google wa mwaka 2003, faili lililofutwa lilibadilishwa jina na kupewa jina la siri lenye tarehe ya kufutwa, kisha likaondolewa baada ya siku tatu kwa mpangilio wa kawaida. Katika Haystack picha iliyofutwa iliwekewa alama tu, na nafasi yake ilibaki imekaliwa.

Tendo la tatu ni kuangamiza maudhui, na njia zake ni mbili. Njia ya kwanza ni kuandika upya: mfumo hunakili picha zilizo hai katika faili jipya, huziruka zenye alama ya kufutwa, kisha huliachilia faili la zamani. Hivyo ndivyo ilivyofanywa katika Haystack. Njia ya pili ni kuharibu ufunguo. Katika f4, ambamo data ikishaandikwa haibadilishwi, kila picha ilisimbwa kwa ufunguo wake wa pekee, na funguo zikatunzwa katika kanzidata nyingine. Kufuta picha kulimaanisha kufuta ufunguo. Maudhui hubaki katika diski, lakini yamekuwa takataka isiyosomeka. Taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, NIST, iliitambua njia hii katika mwongozo wake wa mwaka 2014 kuwa mojawapo ya njia halali za kusafisha vifaa vya kuhifadhia data, kwa masharti kwamba usimbaji uwe imara na kwamba nakala zote za ufunguo ziangamizwe.

Tendo la nne ni kuisha kwa nakala za akiba. Mbali na nakala zinazotumika kila siku, kampuni hutunza nakala za dharura za mifumo yake. Nakala hizo hazihaririwi kila mtumiaji anapofuta kitu. Husubiri zifikie ukomo wake na kufutwa kwa mzunguko. Google, katika maelezo yake kuhusu utunzaji wa data, inasema kwamba ufutaji kamili katika seva zake huchukua kwa kawaida takriban miezi 2 tangu amri itolewe, na kwamba data inaweza kubaki katika nakala za akiba zilizosimbwa hadi miezi 6.

Inaonekana basi kwamba kati ya kidole kugusa alama ya kufuta na picha kutoweka kabisa kuna safari ya miezi. Mtumiaji huiona hatua yake ya kwanza tu, na pengine ya pili. Hizo nyingine hufanyika nyuma ya pazia, kwa ratiba ya kampuni.

4.2 Daftari na Maudhui Yanapopingana

Mwezi Mei 2024 baadhi ya watumiaji wa simu za iPhone waliosakinisha toleo la 17.5 la mfumo wa iOS walizikuta katika maktaba zao picha walizozifuta zamani. Tarehe 20 Mei 2024 Apple ilitoa toleo la 17.5.1 na kueleza kwamba lilirekebisha tatizo la nadra, ambapo picha zilizokumbwa na uharibifu wa kanzidata ziliweza kujitokeza tena hata kama zilikuwa zimefutwa. Kwa istilahi za makala haya, daftari lilikuwa linasema jambo moja na diski ilikuwa na jingine. Tukio hilo ni ushahidi wa wazi kwamba kuondoka kwa picha machoni na kuondoka kwake katika kifaa ni mambo mawili yanayoweza kuachana.

4.3 Kufutwa Bila Amri ya Mtumiaji

Picha inaweza pia kufutwa na kampuni. Mwezi Novemba 2018 Flickr ilitangaza kwamba akaunti za bure zingewekewa kikomo cha picha 1,000, na kwamba zinazozidi zingefutwa mwaka uliofuata. Mwezi Machi 2019 Myspace ilikiri kwamba picha, video na sauti zilizopakiwa zaidi ya miaka mitatu nyuma huenda zisipatikane tena kutokana na kazi ya kuhamisha seva. Kwa upande wa Google, sera iliyotangazwa mwezi Mei 2023 inaruhusu kufutwa kwa akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka 2, pamoja na maudhui yake, na utekelezaji wake uliwekwa usianze kabla ya Desemba 2023. Vilevile akaunti iliyozidi mgawo wake kwa miaka 2 inaweza kufutiwa maudhui.

Sera ya kutotumika ina uzito wa pekee katika familia. Akaunti ya marehemu haitumiki tena. Familia inayodhani kwamba picha za mzee zimo salama katika simu yake iliyowekwa kabatini inaweza kufungua simu hiyo baada ya miaka na kukuta akaunti haipo. Huduma ya kuteua watu watakaokabidhiwa data akaunti ikinyamaza ilianzishwa na Google mwaka 2013; mtumiaji huchagua muda wa kusubiri wa kuanzia miezi 3 hadi 18, na huteua watu wasiozidi 10. Apple ilileta huduma ya kumteua mrithi wa akaunti mwezi Desemba 2021. Huduma zote mbili zinamtaka mwenyewe aziandae akiwa hai.

5.0 Namna Picha Inavyorejeshwa

Kutokana na uchambuzi uliotangulia, swali la kurejesha picha hujibika kwa utaratibu. Picha ikiwa katika hatua ya kuficha, mtumiaji huifungua Tupio na kuirudisha. Taarifa zake na albamu zake hurudi pamoja nayo. Rejea ikishakatwa, mtumiaji hana tena njia ya kiufundi. Kuwapo kwa nakala za akiba hakumpi haki ya kuzifikia, kwa kuwa zimetengenezwa kuurudisha mfumo mzima baada ya maafa, na hazikuundwa kumtafutia mtu mmoja picha moja. Ufunguo ukishaharibiwa, hata kampuni yenyewe haiwezi kuisoma picha.

Programu zinazotangazwa kuwa zinarejesha picha zilizofutwa zinapaswa kupimwa kwa mizani hiyo. Zilikuwa na msingi katika kadi za kumbukumbu zisizosimbwa, ambamo maudhui hubaki mpaka yaandikwe juu yake. Katika simu za sasa, ambazo husimba hifadhi yake ya ndani, nafasi hiyo imefinyu mno. Mara nyingi kinachopatikana ni vijipicha vidogo vilivyosahaulika katika kumbukumbu za muda. Zaidi ya hayo, programu hizo huomba ruhusa ya kusoma kila kilichomo katika simu, na mtu aliyepoteza picha huweza kujikuta amefungua mlango wa zilizobaki.

Katika jamii zetu njia ya urejeshaji inayofaulu zaidi ya hizo ni ya kijamii: picha iliyopotea huombwa kwa ndugu aliyewahi kutumiwa. Njia hii ina thamani, lakini ina upungufu. Picha iliyopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, na taarifa za tarehe na mahali ilipopigwa huondolewa. Inayorudi ni sura bila kumbukumbu zake. Kwa mtafiti wa historia ya familia au wa mahali, hasara hiyo si ndogo.

Urejeshaji wa picha hutegemea pia urejeshaji wa akaunti. Aliyesahau nenosiri hutakiwa mara nyingi kuthibitishwa kwa namba ya simu. Namba isiyotumika kwa muda mrefu hurudishwa sokoni na kupewa mteja mwingine. Hivyo aliyebadilisha laini bila kubadilisha namba katika akaunti yake ameiacha picha yake salama katika seva na akaupoteza mlango wake.

6.0 Athari kwa Haki ya Kufutiwa Taarifa

Sheria zimeanza kulitambua suala hili. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inatoa haki ya kufutiwa taarifa katika kifungu cha 17. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatoa haki ya kusahihishiwa na kufutiwa taarifa katika kifungu cha 40. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Uchambuzi wa makala haya unaibua swali la tafsiri: taarifa huhesabiwa kuwa imefutwa katika tendo lipi kati ya manne? Likichukuliwa tendo la kwanza, haki inakuwa jina tupu, kwa maana picha bado inafunguka. Likichukuliwa la nne, kampuni itahesabiwa kuwa imekiuka sheria kwa miezi kadhaa kila mara inapotimiza wajibu wake wa kutunza nakala za dharura. Makala haya yanapendekeza kwamba kipimo kiwe tendo la tatu, yaani maudhui kutosomeka tena katika mifumo inayotumika, pamoja na ukomo wa wazi wa nakala za akiba unaotajwa kwa mtumiaji kwa lugha anayoielewa.

Hata hivyo, hakuna kipimo kinachoifikia nakala iliyokwisha kutoka. Picha ya faragha iliyotumwa kwa mwingine huanza maisha yake katika akaunti nyingine, na kufutwa kwake katika akaunti ya mwenyewe hakuigusi ile. Hapo ufumbuzi hautoki katika kitufe cha kufuta. Hutoka katika sheria za makosa ya mtandao, kama ile ya Kenya ya mwaka 2018, ambayo kifungu chake cha 37 kinakataza usambazaji wa picha za faragha.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba hifadhi ya wingu hulinda picha vizuri dhidi ya diski zinazokufa, seva zinazozimika na hata majengo yanayoungua. Haina ulinzi wa aina hiyo dhidi ya amri, iwe imetolewa na mwenyewe kwa kutojua, na mtu mwingine mwenye nenosiri lake, au na kampuni kwa mujibu wa sera yake. Kwa sababu hiyo, anayetaka picha idumu anahitaji angalau nakala moja isiyosawazishwa na akaunti: katika diski ya nje, katika kompyuta, au iliyochapishwa kwenye karatasi. Anayetaka picha itoweke anahitaji kulimwaga Tupio, kubadilisha nenosiri, na kutambua kwamba nakala zilizokwisha kutumwa zinabaki mikononi mwa waliotumiwa.

Kwa watafiti, eneo linalohitaji kuchunguzwa zaidi ni lugha ya huduma hizi kwa Kiswahili. Iwapo vitenzi futa, ondoa na ongeza nafasi vinawekwa kwenye vitufe bila kubainisha kinachotokea kwenye simu na kinachotokea kwenye seva, basi tatizo lililojadiliwa hapa si la kiufundi peke yake. Ni tatizo la istilahi, na wajibu wa kulitatua unawahusu pia wanaisimu, ambao ndio wenye ujuzi wa kutenganisha kwa maneno mambo ambayo mashine tayari imeyatenganisha kwa vitendo.